Mkono Uliopanda Soya

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Masika, huko Munkunyu, mwanamke mmoja mzee aliyevaa gomesi ya kijani alinijia nikiwa nimeketi na wageni. Aliishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja kama mtu anayekagua mihogo sokoni. "Ni hii," akawaambia waliokuwa karibu. "Ni hii mikono ilifunga soya ya barakisi, na ni hii ilifungua. Nyinyi munaona mutu na gari, munaona mutu na simu kubwa, hamujui." Watu walicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani, na mmoja akanisogezea sahani ya bundu, ugali wetu wa muhogo, ili mazungumzo yaende kwingine. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Mama Afande, mke wa aliyekuwa sajini meja wa kambi ya jeshi nilimoishi nikiwa na miaka kumi na tisa. Nami ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya waziri wala mbele ya mzungu, niliitazama tu ile mikono yangu iliyoshikwa.

Jina langu ni Biira, na sioni haya kujisifu kwa jambo nililolitolea jasho. Nina diploma ya kilimo cha bustani na maua. Imo kwenye fremu ukutani mwangu, Kasese mjini, na yeyote anayekuja kuuliza bei ya miche ataiona kwanza, kwa sababu nimeitundika mkabala wa mlango. Nilifanya kazi kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa karibu na Entebbe, kisha nikavuka hadi Naivasha. Nilianza kwa kuokota majani makavu sakafuni, nikamaliza nikiwa msimamizi wa mabanda sita, wanaume wenye digrii wakiniuliza, "Madam, leo taa tuwashe saa ngapi?" Maana ua lina saa yake. Jani ndilo linalopima urefu wa giza. Kuna mimea ambayo jani lake likipata giza refu lisilokatizwa hutengeneza homoni, na homoni hiyo hupanda kupitia shina hadi kwenye ncha, na ncha iliyokuwa ikitoa majani tu huanza kutoa maua. Limulike jani hilo kwa taa katikati ya giza, hata kwa muda mfupi, na ujumbe hautatumwa: mmea utaendelea kurefuka na kujaza majani kana kwamba haujui umri wake. Kwa ujuzi huo nimeyazuia maua yasifunguke, na nimeyafungua wiki ileile mnunuzi aliyoitaka. Sasa nimerudi kwetu, nafundisha wakulima kuanzia Nyakalengija hadi Kisinga, na kama yupo mtu mwingine katika wilaya hii anayelijua jambo hili kunishinda, bado hajajitokeza. Hapa ikweta inapita, mchana na usiku hugawana sawa mwaka mzima, ndiyo maana watu wetu hawakuwahi kulazimika kulifikiria. Mimi nililazimika, kabla sijakutana na neno homoni kwenye ukurasa wowote.

Kambi yenyewe ilikuwa ndogo, juu kidogo ya Bwera, mahali ambapo asubuhi unaweza kuona malori yakipanga foleni kuelekea mpakani na ng'ambo ya mto kuna Kongo. Siku hizi haipo tena. Palipokuwa geti pamepandwa migomba. Nilikwenda kumsaidia dada kwa miezi miwili, maana alikuwa amejifungua mapacha na mguu wake mmoja ulivimba akashindwa kusimama. Shemeji, Koplo Odeke, mtu wa Teso, alikuwa amepewa nyumba ya bati ya mviringo, zile tulizoziita yunipoti, zenye mlango mmoja na dirisha la ukubwa wa kitabu. Ndani tulikuwa watano. Pazia la shuka liligawa chumba: upande wao kitanda, upande wangu mkeka, jiko la mkaa, masufuria, na sanduku la shemeji ambalo halikuruhusiwa kuguswa. Saa sita mchana bati lilikuwa linalia lenyewe kwa joto, tap, tap, kama mtu anayebisha kwa ukucha, na watoto walikuwa wakitokwa na vipele shingoni. Bado nikila sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese, napata harufu ya chumba kile: mawese, mkaa, nepi zenye unyevu, na dawa ya viatu ya shemeji. Kutoka getini ulihitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba yako. Mke alisainiwa na mume, na mimi nilisainiwa na shemeji, ambaye hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda kuulizwa mara tatu.

Mwezi wa pili ilinifikia barua ya chuo. Sista mmoja wa Kisinga ambaye alinifundisha sayansi ndiye aliyeniombea nafasi, na barua ilisema niripoti mwezi wa nane, na asiyeripoti siku iliyotajwa nafasi yake itapewa mwingine. Niliikunja nikaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, nikaufunga kiunoni chini ya nguo, na nililala nayo. Nilihesabu miezi kwa vidole. Nilikuwa na muda wa kutosha, tena wa kuzidi.

Wanawake wa kambi walikuwa na shamba lao, kipande kirefu kati ya yunipoti za mwisho na ua wa seng'enge. Msimu ule walikubaliana kupanda soya, kwa ajili ya uji wa watoto. Sasa, wale wanawake walitoka kila pembe: Waacholi, Waiteso, Wanyankole, Walugbara, sisi Wakonzo, na jirani yetu Mama Furaha, aliyezaliwa ng'ambo, Kasindi. Kila mmoja alikuwa na mistari yake, na kila msimu palikuwa na ugomvi kwamba fulani alitupa mbegu nzuri kwake na mbovu kwa mwenzake. Kwa hiyo walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine popote: mbegu zote zilichanganywa kwenye beseni moja na kupandwa na mkono mmoja, wa msichana ambaye bado hajazaa na hana mstari wake shambani. Mkono huo haukuwa wa mtu yeyote, hivyo haukuweza kupendelea. Na mkono uliopanda haukutoka kambini mpaka soya ivunwe, kwa sababu, walisema, ukitoka unaondoka na mavuno.

"Wewe mutoto, kuja," Mama Afande aliniita mbele ya wote. "Nyosha mkono."

Nikanyoosha. Akaukagua. Mama Furaha akaangua kicheko. "Ule mukono mwembamba vile, soya itatoka ya kuonda!"

"Yako mnene ilitutolea nini mwaka ile ya karanga?" Mama Afande akamjibu, na shamba zima likacheka.

Nilijisikia mkubwa siku ile, nakiri. Nilipanda mistari yote peke yangu, mgongo umepinda tangu asubuhi hadi jua la saa kumi, wao wakinifuata na majembe wakifukia. Nilipiga hesabu: soya ni miezi mitatu na nusu, itavunwa kabla ya mwezi wa saba kwisha, na mwezi wa nane nitakuwa nje. Niliporudi nyumbani dada aliniosha mikono yeye mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, kwa utani, kama bibi harusi. "Mkono wa kambi," akaniambia kwa Kikonzo. "Usiukate na kisu."

Wiki mbili baadaye taa zilikuja. Kulikuwa na uvumi kwamba watu wenye silaha walionekana wakishuka milimani, na lori likaleta nguzo na taa kubwa nyeupe, zikasimikwa kuzunguka ua. Taa moja ilifungwa kwenye nguzo nyuma ya tangi la maji, na kwa kuwa upande ule wa nje ulikuwa mteremko mtupu, aliyeifunga aliielekeza ndani, shambani. Ziliwashwa saa moja jioni na kuzimwa asubuhi. Tangu siku hiyo hatukuwa na giza tena. Mwanga uliingia kwa kila tundu la msumari kwenye bati, vidoa vyeupe vikatapakaa juu ya pazia, juu ya mapacha, juu ya mkono wangu. Nilijifunika uso kwa kitenge na bado niliviona. Mapacha walilala vipande vipande. Dada naye aliamka akiwa na macho mekundu akisema kichwa kinagonga. Walinzi tu ndio walizifurahia. Mmoja wao, Praiveti Opio, kijana mrefu wa Lango aliyekuwa akishika zamu getini, alisema sasa anaweza kusoma gazeti la mwezi uliopita mara ya nne.

Na soya ilipendeza! Watu walikuwa wakija kuitazama. Ilifika kiunoni, ikapita kiuno, majani mapana ya kijani kilichokolea hadi karibu na weusi. Mwezi wa tano wanawake walinisalimia kwa kunigusa mkono. Lakini mwezi wa sita, soya za wakulima tulizoziona nje ya seng'enge zilikuwa zimeshafunga maganda na majani yake yanaanza kuwa manjano, na ya kwetu haikuwa na hata ua moja. Ilikuwa inarefuka tu. Mama Furaha alipita katikati ya mistari akipekua mashina kama anatafuta chawa. "Haiko na kitu," akasema. "Majani, majani, majani. Hii soya iko kama mwanamuke anavaa vizuri na hazai."

Mama Afande, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakucheka. Aliniangalia. "Shamba haijifungi yenyewe," akasema. "Mtu anafunga."

Tangu hapo hakuna aliyenigusa mkono. Kwenye bomba la maji walinipisha, jambo ambalo katika kambi ile hakuna aliyefanyiwa isipokuwa wagonjwa. Niliwasikia wakiongea upande wa pili wa bati, maana bati halifichi siri, kwamba mimi nilikuwa na barua ya kwenda shule, kwamba nilitaka kuondoka na mavuno yao kiunoni, kwamba ndiyo maana silegezi mkanda hata nikioga. Dada alikuwa akisikia pia. Alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, na siku moja alitoka nje na ile fimbo, akasimama mlangoni kwa Mama Furaha. "Mdogo wangu si mchawi," alisema kwa sauti ambayo kambi nzima iliisikia. "Mwenye kusema aje aseme hapa kwangu, sio nyuma ya ukuta. Mimi nimelala naye chumba kimoja tangu amejifunza kutambaa." Hakuna aliyekuja. Lakini alipoteza marafiki siku ile. Kina mama waliokuwa wakimletea chumvi na moto wa kuwashia jiko wakaacha, na akawa anawasha jiko lake kwa karatasi.

Nilimwomba shemeji anisainie nitoke, nikaseme na sista wa Kisinga. Alikuwa akipiga rangi viatu. "Wewe ndiyo mkono," akasema bila kuinua kichwa. "Nikusainie, kesho mke ya sajini meja anauliza mimi koplo gani." Nilimuuliza mara ya pili na ya tatu, kama alivyopenda, na mara zote alisugua kiatu kilekile.

Nilichokiona asubuhi moja ya mwezi wa sita ndicho kilichonifanya niwe mtu niliye leo, na nakisema kwa majivuno kwa sababu hakuna aliyenionyesha. Nilikwenda kuchota maji mapema ili nisipishwe na mtu. Kwenye mstari wa nne, wa tano na wa sita, palikuwa na mahali ambapo soya ilikuwa fupi kuliko nyingine. Nikapiga magoti. Kwenye makwapa ya majani palikuwa na maua, madogo ya zambarau, na mengine yalikuwa yameshaanguka yakaacha maganda machanga yenye manyoya. Nilipekua kushoto, hakuna. Kulia, hakuna. Maua yalikuwa kwenye kipande kimoja tu, chembamba upande wa tangi na kikipanuka kadiri kilivyoingia shambani, kana kwamba mtu amekichora kwa rula. Nilitazama udongo, ulikuwa uleule. Maji hayakuvuja pale. Kivuli cha jua cha tangi hakikufika pale wakati wowote wa mchana. Siku nzima nilikipika kile kipande kichwani pamoja na maharage, nikayaunguza. Jioni, taa zilipowashwa, nilirudi nikasimama. Kivuli cha tangi kilianguka shambani kutokana na ile taa ya nguzo, cheusi, chembamba mwanzoni na kikipanuka, na kililala juu ya maua yale bila kupungua wala kuzidi hata hatua moja. Penye kivuli cha taa pana maua. Penye mwanga hapana. Nilitaka kucheka na kulia. Soya haikuwa imefungwa na mtu. Ilikuwa imenyimwa usiku.

Nilikimbia kuwaambia, kwa ujinga wa umri ule wa kudhani kwamba jambo likiwa kweli litapokelewa. Walikuwa wakimenya ndizi mbele ya nyumba ya Mama Afande. Nikaeleza, nikaonyesha tangi, nikaonyesha taa. Wakasikiliza mpaka mwisho, halafu Mama Furaha akajipiga makofi mapajani.

"Ati soya inataka kulala!"

"Ipelekeeni blanketi," akasema mwingine. "Na chandarua."

"Na bwana!" akadakia wa tatu, wakaangukiana kwa kicheko.

Mama Afande alingoja wanyamaze. "Kwa hivyo taa ya jeshi ndiyo mbaya," akasema polepole. "Unataka tuzime taa ya jeshi. Nani alikutuma?" Na shemeji, niliporudi nyumbani, alikuwa ameshazisikia habari. Aliweka kidole mdomoni mwake, kisha akakiweka kwangu, kwenye paji la uso. "Usirudie. Taa ni usalama. Mtu anataka giza, sisi tunauliza giza ya nini."

Kwa hiyo nikafanya kitu kimoja nilichoweza. Opio alikuwa na turubai kuukuu la lori lililotupwa nyuma ya stoo. Alinipa, nadhani kwa kuchoka tu, apate la kutazama. Niliziba matundu yake kwa vipande vya mpira wa tairi, nikachimbia miti minne katikati ya shamba, mbali na tangi, kuzunguka mimea iliyotosha ukubwa wa kitanda. Kila jioni, nusu saa kabla ya taa kuwashwa, nilikifunika kile kitanda cha mimea mpaka chini na kuziba pembeni kwa mawe. Kila asubuhi saa moja nilikifunua. Kina mama walikuja kutazama wakiwa wamefumbata mikono. Sikuelewa wakati ule walichokuwa wakikiona. Niliona msichana anayejaribu jambo, kwa uangalifu, bila kuruka siku. Wao waliona mtu aliyeshutumiwa kwa uchawi akienda shambani jua likizama na jua likichomoza, siku baada ya siku, akifunika na kufunua, akipanga mawe kwa utaratibu uleule, midomo ikicheza kwa sababu nilikuwa nikihesabu siku. Dada aliniambia niache. "Wanakuhesabia," akasema. Nikamwambia angoje tu, akiona maua atanishukuru. Nilikuwa na kiburi hata wakati huo.

Siku ya ishirini na nne maua yalitoka. Ndani ya miti minne tu, maua ya zambarau kila kwapa la jani, na hatua moja nje ya turubai hakuna. Nilisimama pale nikapiga kelele mpaka wakaja wote, na vikombe vya uji mikononi. Waliinama wakatazama. Wakaenda nje ya miti wakapekua, wakarudi. Nikasema, "Mmeona sasa? Ni taa!" Nilikuwa nalia kwa furaha. Nikageuka kumtazama Mama Afande, nikitarajia sijui nini, labda aniombe radhi.

Alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyetua mzigo. "Imefungua," akasema. "Tumeona wote. Pale mkono yake inataka, soya inazaa. Pale haitaki, haizai." Na minong'ono ya kukubali ikapita kwa wanawake wote, ya lugha sita au saba. Ndipo nilipojua kwamba nimejifungia mlango kwa mikono yangu. Kila ua pale lilikuwa shahidi dhidi yangu.

Wiki zilizofuata sitaki kuziandika kwa urefu. Nilikaa ndani. Bati lililia. Nilijifunza vidoa vya mwanga kwenye pazia kama mtu anavyojifunza ramani ya nchi ambamo hataruhusiwa kutoka. Mwezi wa saba ukaisha, na soya ilikuwa inafika kifuani, haitaki kuvunwa, na maadamu haivunwi mimi ndiye mkono. Barua ilikuwa imelainika kwa jasho mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Zilibaki siku tatu kabla ya siku ya kuripoti nilipokwenda mwenyewe kwa Mama Afande. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuniangalia.

"Nikuachie utoke," alisema, "kitu ni rahisi. Simama mbele ya wamama. Sema ni mkono yako ilifunga. Halafu sema shamba yote inafunguka namna gani. Sisi hatutaki kukupiga. Sisi tunataka soya ya watoto."

Nilimtazama akipepeta. Nikafikiri juu ya ile taa kwenye nguzo, na jinsi koplo asivyoweza kuitaja, na jinsi mke wa sajini meja angeweza kuigeuza kwa neno moja wakati wa kula. "Nikisema ni mkono wangu," nikauliza, "na nikisema kufungua kwake ni kuigeuza taa ya tangi itazame nje, mtaigeuza?"

Ungo ukatulia. "Kama ni hiyo ndiyo dawa," akasema, "itageuka leo."

Walinisimamisha karibu na geti asubuhi ya siku ya mwisho. Opio alikuwa ameshaandika jina langu, na shemeji ameshasaini. Boda boda ya kunipeleka Kasese ilikuwa nje, inanguruma. Nilikuwa nimepanga nimalize kabla dada hajaja, maana nilimwachia mapacha wakinyonya na kumwambia nakwenda kuaga tu. Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili chao, ili wasikie wote: "Ni mkono yangu ilifunga. Geuzeni taa ya tangi iangalie nje, itafunguka." Mama Furaha akasema, "Eeh, Mungu wangu," kwa sauti ndogo, na hakukuwa na utani ndani yake. Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama nyuma yao, mtoto mmoja mgongoni, ameegemea ile fimbo aliyowafuatia watu milangoni kwa ajili yangu.

"Kumbe," aliniambia kwa Kikonzo, polepole, "kumbe walikuwa wanasema ukweli."

Ningeweza kumjibu kwa Kikonzo, na nusu ya wale wanawake wasingeelewa. Maneno matano yangetosha. Lakini nusu nyingine ingeelewa, na geti lilikuwa wazi, na Opio alikuwa akisema, "Pita, pita, afande anakuja." Nikapita.

Taa iligeuzwa siku ileile. Nilisikia baadaye kwamba soya ilitoa maua mwezi huohuo na ikavunwa, gunia juu ya gunia, na kwamba dada alihamishwa yunipoti akapewa ya mwisho kabisa, ambayo haikuwa na jirani. Mimi niliongoza darasa langu miaka yote miwili. Tulipofika kwenye somo la giza na maua, mwalimu aliuliza kama kuna anayelijua, na nililieleza lote nimesimama, na darasa likapiga makofi.

Tulipendana na dada mpaka mwisho, mtu asinielewe vibaya. Alikuja kwenye mahafali yangu. Shemeji alipostaafu walijenga Munkunyu, na kila nilipokwenda alinichinjia kuku, akanitandikia kitanda chake mwenyewe, na aliwaambia majirani kwamba mdogo wake ni mtu wa diploma. Sikuwahi kumweleza. Nilidhani yeye ndiye atauliza. Kila msimu nilimpelekea mbegu bora kutoka kwangu, zile ambazo wakulima wengine huzipangia foleni, na alizipokea kwa mikono miwili akaziweka juu ya kabati. Halafu asubuhi yeye na wanawe walichukua majembe, na mimi nilipojifunga kitenge nikiinuka ili niwafuate, alinibonyeza bega nikae. "Wewe pumzika," alisema. "Umetoka mbali." Kwa miaka yote hiyo hakuniruhusu hata mara moja nitupe mbegu kwenye shamba lake.